Nani Amuulize Mfalme? Sayansi, Falsafa na Serikali za Ulaya, 1543–1796

Vitabu vya historia vya shule huweka mambo mawili jirani: Mapinduzi ya Kisayansi, kisha Zama za Mwangaza. Mwanafunzi anasoma kwamba Copernicus aliliweka jua katikati na Newton akaeleza nguvu ya mvutano. Anafungua ukurasa wa pili, na tayari wafalme wanawekewa mipaka na Ufaransa inaupindua utawala wake. Kinachokosekana ni kiungo. Kwa nini njia ya sayari ya Mirihi imkoseshe mfalme usingizi? Jua liizunguke dunia au dunia ilizunguke jua, kodi italipwa na askari atamtii jemadari wake. Uchambuzi huu unakitafuta kiungo hicho, hatua kwa hatua.

Tuanze na maana. Mapinduzi ya Kisayansi ni jina walilolitoa wanahistoria kwa karibu karne moja na nusu, tangu mwaka 1543 kilipochapishwa kitabu cha Nicolaus Copernicus hadi 1687 kilipotoka kitabu kikuu cha Isaac Newton. Zama za Mwangaza ni kipindi kilichofuata, takriban tangu miaka ya 1680 hadi Mapinduzi ya Ufaransa, ambapo waandishi wengi wa Ulaya walijaribu kuzichunguza sheria, dini na serikali kwa akili na ushahidi badala ya mapokeo. Tarehe hizi ni za kurahisisha mazungumzo tu, wala zisichukuliwe kama mipaka ya shamba.

Kabla ya hapo, swali zito lilijibiwa kwa kumtaja aliyesema. Katika vyuo vikuu, mambo ya asili yalikuwa ya Aristotle, mambo ya anga ya Ptolemy, mambo ya mwili ya Galen, na juu yao wote yalikaa Maandiko kama Kanisa lilivyoyafasiri. Si haki kuudharau mfumo huo. Kwa hesabu za Ptolemy watu waliweza kutabiri kupatwa kwa mwezi. Jambo la kuangalia ni mahali ambapo hoja iliishia: ilipofika kwa mwenye mamlaka, ilikoma. Mamlaka ya mfalme nayo ilijengwa hivyo hivyo. Mwaka 1598 James wa Scotland, ambaye baadaye alitawala na Uingereza, aliandika kwamba mfalme huwajibika kwa Mungu peke yake. Huko Ufaransa Askofu Bossuet, mwalimu wa mrithi wa Louis XIV, aliijenga hoja ya namna hiyo kutoka katika Biblia. Elimu ya mbingu na elimu ya utawala zilisimama juu ya msingi mmoja, ingawa ni wachache walioona hivyo.

Mtu angedhani kwamba Copernicus aliutikisa msingi huo mara moja. Haikuwa hivyo. Kitabu chake kilitoka mwaka aliokufa, kikiwa na dibaji isiyo na jina, iliyowekwa na mchungaji Andreas Osiander, ikisema kwamba mambo yaliyomo ni nadharia tete ya kurahisisha hesabu na hayalazimiki kuwa kweli. Wanahesabu walikitumia, wengine wakakipinga, na ikapita miaka zaidi ya 70 kabla Kanisa Katoliki halijakizuia kisomwe mpaka kisahihishwe, mwaka 1616. Hapa tunapata somo la kwanza: ugunduzi peke yake, hata uwe mkubwa namna gani, unaweza kukaa rafuni miaka mingi bila kumsumbua mtu.

Kilichosumbua ni namna ya kuamua. Mfano ulio safi kuliko yote ni wa Johannes Kepler. Alirithi vipimo vya Tycho Brahe, Mdenmarki aliyepima anga bila darubini kwa uangalifu ambao Ulaya haikuwa imeuona. Kepler alitengeneza hesabu ya mwendo wa Mirihi juu ya duara, umbo ambalo wazee wote walilihesabu kuwa ndilo linaloifaa mbingu. Hesabu ilikubaliana na vipimo, isipokuwa kwa dakika 8 za pembe. Duara zima lina dakika 21,600, na mwezi mpevu tunaouona angani una upana wa dakika 30 hivi. Kwa hiyo tofauti ilikuwa kama robo ya upana wa mwezi. Mwingine angeisamehe. Kepler aliitupa kazi ya miaka, akaanza upya, na mwaka 1609 akatangaza kwamba Mirihi hufuata njia ya duaradufu. Umbo lililoheshimiwa kwa miaka elfu mbili lilishindwa na kipimo kidogo, kwa sababu kipimo kiliaminika.

Galileo Galilei aliongeza jambo la pili. Mwaka 1610 alichapisha aliyoyaona kwa darubini, yakiwemo miezi minne inayoizunguka Mshtarii. Sasa ubishi haukuhitaji mtu kuwa msomi wa Kilatini au mwenye cheo. Ulihitaji chombo na jicho. Mwaka uliofuata wanajimu Wajesuiti wa Roma wenyewe walithibitisha kwamba miezi hiyo ipo. Kwa hiyo kesi ya Galileo ya 1633, iliyomfungia nyumbani mpaka kufa kwake mwaka 1642, haikuwa juu ya nani ameona nini. Ilikuwa juu ya nani ana haki ya kusema maana ya kilichoonekana. Mahakama ya Kanisa ilijibu kwamba haki hiyo ni yake. Likiwekwa wazi hivyo, swali linaacha kuwa la anga. Ni swali la utawala.

Jambo la tatu lilikuwa kuyafanya mazoea haya kuwa taasisi. Mwaka 1660 kikundi cha watu jijini London kilianzisha Royal Society, na mwaka 1662 Mfalme Charles II akakipa hati. Kaulimbiu yake ya Kilatini inamtaka mwanachama asikubali jambo kwa sababu tu fulani kasema. (Sijui kama mfalme alitafakari alichokuwa anakitia muhuri.) Uingereza ilikuwa imetoka katika vita vya wenyewe kwa wenyewe vilivyomkata kichwa baba yake Charles mwaka 1649, na waasisi wa chama walijitahidi kutobishana juu ya dini na siasa mikutanoni. Walitafuta uwanja ambapo watu wa imani na kambi tofauti wangeweza kutofautiana bila kuuana. Robert Boyle aliyafanya majaribio yake ya pampu ya hewa mbele ya mashahidi, akaeleza chombo kilivyoundwa ili mwingine aweze kukiunda, na akaandika hata majaribio yaliyoshindwa. Tangu 1665 katibu wa chama, Henry Oldenburg, alichapisha jarida. Jaribio, shahidi na chapisho: ukiyaweka pamoja, una utaratibu wa kumaliza ubishi usiomtegemea mkubwa yeyote.

Utaratibu huo ulikuwa na upungufu wake. Mashahidi walikuwa waungwana tu. Fundi aliyesukuma pampu hakuhesabiwa, wala mwanamke. Fedha nazo zilitumika vibaya: Newton alipomaliza kitabu chake, chama kilikuwa kimetumia akiba yake kuchapisha kitabu cha samaki ambacho hakikununuliwa, na ikabidi Edmond Halley agharimie uchapaji wa Newton kutoka mfukoni mwake.

Halley huyo ndiye aliyeutoa mtihani ambao umma wa Ulaya uliuelewa. Nyotamkia, yaani nyota yenye mkia wa mwanga, zilihofiwa kwa karne nyingi kuwa dalili ya kifo cha mfalme, tauni au vita. Akitumia kanuni za Newton, Halley alilinganisha nyotamkia za miaka 1531, 1607 na 1682, akaona njia zake zinafanana mno. Mwaka 1705 alichapisha hoja kwamba ni moja inayorudi, na kwamba itaonekana tena karibu na mwaka 1758. Alikufa kabla ya hapo. Huko Paris, Alexis Clairaut, Jérôme Lalande na Nicole-Reine Lepaute walikaa miezi wakikokotoa jinsi mvutano wa Mshtarii na Zohali ungeichelewesha, wakasema itafika karibu kabisa na jua katikati ya Aprili 1759, na kwamba wanaweza kukosea kwa mwezi mmoja. Tarehe 25 Desemba 1758 ilionwa kwa mara ya kwanza na Johann Georg Palitzsch, mkulima wa karibu na Dresden aliyejifunza unajimu mwenyewe. Ilifika karibu kabisa na jua tarehe 13 Machi 1759. Waliokokotoa walikuwa wametaja hata ukubwa wa kosa lao, na kosa likaangukia humo humo. Ishara ya hasira ya mbingu ilikuwa imegeuka kuwa miadi.

Sasa tuvuke upande wa serikali. Daraja lenyewe lilijengwa na watu waliofahamu pande zote mbili. John Locke alisomea utabibu na aliingia Royal Society mwaka 1668. Katika maandishi yake mawili juu ya serikali, yaliyochapishwa bila jina lake mwishoni mwa 1689, alianza kwa kumkabili Robert Filmer, aliyedai kwamba wafalme hurithi mamlaka ya Adamu, baba wa wote. Locke hakuanza kwa kutoa madai ya upande wake. Alidai ushahidi. Kama mamlaka yametoka kwa Adamu, ni nani leo aliye mrithi wake halali? Nasaba iko wapi? Na kama wafalme wote wa Ulaya ni warithi, mbona wako wengi, na urithi ni mmoja? Hoja ya Filmer, ikishikwa kama dai linalotakiwa kuthibitishwa, haina cha kuonyesha.

Baada ya kusafisha uwanja, Locke anajenga, na inafaa kumfuata polepole. Kwanza, kwa kuwa hakuna aliyezaliwa na hati ya kumtawala mwenzake, watu wana haki za asili, yaani haki zisizotolewa na serikali: uhai, uhuru na mali. Pili, haki hizo haziko salama pale ambapo kila mtu ni hakimu wa kesi yake mwenyewe. Tatu, kwa sababu hiyo watu hukubaliana kuunda serikali. Makubaliano hayo ndiyo waandishi wa zama hizo waliyoyaita mkataba wa kijamii. Nne, serikali basi ni amana, na mwenye kupewa amana anaweza kuulizwa ameitunzaje. Tano, akiivunja, mamlaka hurudi kwa waliompa. Hatua ya tano ndiyo iliyowatisha watawala, lakini uzito wote umebebwa na ile ya nne.

Hapa tahadhari inahitajika, kwa maana ni rahisi kusema kwamba kitabu kilimwondoa mfalme. James II alikimbia Uingereza mwishoni mwa 1688 kwa sababu za dini, jeshi na ugomvi wake na Bunge, na sehemu kubwa ya kitabu cha Locke ilikuwa imeandikwa miaka kadhaa kabla, ikiwa imefichwa. Sheria ya Haki ya 1689, iliyomkataza mfalme kusimamisha sheria au kutoza kodi bila Bunge, ilitungwa na wabunge wenye mashamba na wanasheria waliokuwa wakitetea desturi zao za kale. Falsafa haikuzaa tukio. Ililipa maelezo ambayo wengine, mahali pengine, wangeweza kuyachukua na kuyatumia. Labda jambo lenye athari kubwa kuliko hata Sheria ya Haki lilipita kimya mwaka 1695, pale Bunge lilipoacha sheria ya leseni za uchapaji iishe muda wake bila kuihuisha. Tangu hapo mwandishi wa London hakuhitaji ruhusa kabla ya kuchapa.

Wafaransa waliovuka bahari waliliona hilo. Voltaire alikaa Uingereza tangu 1726, na kitabu alichokitoa baada ya kurudi, kikisifu uvumilivu wa dini na sayansi ya Newton, kilichomwa kwa amri ya mahakama kuu ya Paris mwaka 1734. Montesquieu, aliyekuwa hakimu wa Bordeaux, alikuwa huko tangu 1729 hadi 1731. Katika kitabu chake cha 1748 juu ya roho ya sheria alizitazama serikali kama mtaalamu wa mimea anavyotazama mimea: zilinganishwe, zipangwe, zitafutiwe sababu. Humo alieleza mgawanyo wa madaraka. Maana yake ni kwamba kazi ya kutunga sheria, kazi ya kuitekeleza na kazi ya kuamua kesi zisiwe mikononi mwa mtu mmoja au chombo kimoja, ili kila moja iizuie nyingine. Alidai ameuona mfumo huo Uingereza. Kwa kweli mawaziri wa mfalme walikaa bungeni na madaraka yalichanganyika sana. Alikosea, na kosa lake lilisaidia zaidi kuliko usahihi wa wengi: waandishi wa Katiba ya Marekani ya 1787 waliujenga kwa dhati mfumo ambao Uingereza yenyewe haikuwa nao.

Lakini mahali ambapo sayansi na serikali zilikutana kwa karibu zaidi hapakuwa bungeni. Palikuwa mahakamani, kwa sababu mahakama, kama maabara, ina kazi ya kuamua kilichotokea. Mnamo Oktoba 1761 huko Toulouse kijana Marc-Antoine Calas alikutwa amekufa katika nyumba ya baba yake. Familia ilikuwa ya Kiprotestanti, na uvumi ukaenea kwamba baba, Jean Calas, amemuua ili asiingie Ukatoliki. Mzee aliteswa ili akiri, hakukiri, na tarehe 10 Machi 1762 aliuawa kwa kuvunjwa viungo. Voltaire alipoishika kesi hiyo, dai lake la msingi lilikuwa rahisi: kumbukumbu za kesi ziwekwe wazi. Kesi za jinai za Ufaransa ziliendeshwa kwa siri, na mahakimu hawakulazimika kutoa sababu za hukumu. Machi 1765 Calas alitangazwa kuwa hakuwa na hatia, miaka mitatu baada ya kufa.

Mwaka kabla ya hapo Cesare Beccaria wa Milano, kijana wa miaka 26, alichapisha kitabu kifupi juu ya makosa na adhabu. Hoja yake juu ya mateso ni ya mtu anayekagua chombo cha kupimia. Tukitaka kujua kama mtu ametenda kosa, na tukamtia maumivu mpaka aseme, tunapima nini? Mwenye mwili wenye nguvu atavumilia hata akiwa na hatia, na dhaifu atakiri hata akiwa safi. Basi chombo kinapima misuli, nasi tunakisoma kana kwamba kinapima ukweli. Aliongeza kwamba adhabu huzuia makosa kwa uhakika wake kuliko kwa ukali wake. Kitabu kilitafsiriwa haraka, na watawala walikisoma: Austria ilifuta mateso mwaka 1776, na mwaka 1786 Leopold wa Toscana alifuta hata adhabu ya kifo.

Angalia, hata hivyo, ni nani aliyefuta. Leopold hakuchaguliwa na mtu. Na hapa ndipo hoja inayofundishwa mara nyingi, kwamba sayansi ilizaa uhuru, inapopata nyufa, kwa sababu mtawala mwenye mamlaka yote anaweza kuipenda sayansi kwa moyo mweupe. Tarehe 1 Novemba 1755, siku ya Watakatifu Wote, makanisa yakiwa yamejaa, tetemeko liliangusha Lisbon. Bahari ikafuata, kisha moto. Walikufa makumi ya maelfu. Waziri aliyeshika hatamu, anayejulikana kwa cheo chake cha baadaye cha Marquês de Pombal, alituma maswali kwa kila parokia ya Ureno: mtikisiko ulidumu muda gani, ulirudi mara ngapi, bahari ilipanda au ilishuka kwanza, nyumba ngapi zimeanguka, watu wangapi wamekufa. Majibu bado yamehifadhiwa, na wataalamu wa matetemeko huyatumia. Jiji lilijengwa upya kwa mitaa iliyonyooka na nyumba zenye mifupa ya mbao ya kuhimili mtikisiko. Ni kazi ya kupigiwa mfano.

Waziri huyo huyo aliwafukuza Wajesuiti mwaka 1759. Mmoja wao, mzee Gabriel Malagrida, aliyehubiri kwamba tetemeko lilikuwa adhabu ya Mungu na kwamba watu watubu, alinyongwa na maiti yake kuchomwa hadharani mwaka 1761. Mwaka 1768 Pombal aliunda baraza la kukagua vitabu. Mpangilio wake ukitazamwa kwa utulivu una mantiki moja: maswali yalishuka kutoka kwa serikali kwenda kwa raia, na hayakuruhusiwa kupanda. Alitaka kujua kila kitu na asiulizwe chochote.

Joseph II wa Austria alionyesha udhaifu wa njia hiyo kwa upande mwingine. Nia yake ilikuwa njema kuliko ya Pombal. Mwaka 1781 aliwapa Waprotestanti na Waorthodoksi haki ya kuabudu, na mwaka huo huo akawafungulia wakulima wa Bohemia vifungo vya utwana wa mashamba. Akaamuru watu wahesabiwe, nyumba zipewe namba, ardhi ipimwe. Hakumuuliza mtu. Mwanzoni mwa 1790, akiwa mgonjwa wa kufa, alilazimika kuyafuta mengi ya aliyoyaamuru kwa Hungaria, na huko karatasi za upimaji zikachomwa kwa shangwe. Waliozichoma wengi walikuwa makabaila wanaotetea msamaha wao wa kodi, lakini hata mkulima ambaye marekebisho yalimfaa hakuwa na mahali pa kusimama na kuyatetea.

Kwa hiyo sayansi iliipa serikali vitu viwili ambavyo haviendi pamoja kwa lazima. Cha kwanza ni uwezo: kuhesabu, kupima, kupanga, kutoza. Cha pili ni deni la kujibu: dai kwamba mwenye mamlaka aonyeshe ushahidi kama mtu mwingine yeyote. Watawala walikipokea cha kwanza kwa mikono miwili. Cha pili walikipata pale tu walipolazimishwa.

Ufaransa baada ya Mapinduzi ya 1789 ilijaribu kuvishika vyote kwa pamoja, na kipimo cha mita kinaonyesha jinsi ilivyowezekana. Wakulima walilalamika kwamba bwana wa eneo ndiye anayeweka chombo cha kupimia nafaka wanayomlipa, kama mwenye ghala anayepokea mtama kwa pishi kubwa na kuutoa kwa ndogo. Malalamiko ya kipimo kimoja kwa wote yalijaa katika madaftari yaliyopelekwa kwa mfalme mwaka 1789. Wanasayansi wakaitikia: kipimo kisiwe cha mfalme wala cha jimbo lolote, kitoke katika dunia yenyewe, sehemu moja ya milioni kumi ya umbali kutoka ncha ya kaskazini hadi ikweta. Jean-Baptiste Delambre na Pierre Méchain walipima mstari kutoka Dunkirk hadi Barcelona tangu 1792 hadi 1798, wakikamatwa njiani mara kwa mara na wanavijiji waliodhani ni majasusi. Swali lilipanda kutoka kwa mkulima, na uwezo wa kulijibu ukashuka kutoka kwa mnajimu.

Mshikamano huo haukudumu. Chuo cha sayansi cha Paris kilifungwa Agosti 1793. Antoine Lavoisier, mkemia mkubwa kuliko wote wa zama zile, ambaye pia alikuwa mkusanya kodi wa mfalme, alikatwa kichwa tarehe 8 Mei 1794. Condorcet, mwanahesabu aliyetetea kura ya wanawake mwaka 1790 na kukusudia kufanya upigaji kura wenyewe kuwa somo la hesabu, alikufa kizuizini Machi 1794. Olympe de Gouges, aliyeandika tamko la haki za mwanamke mwaka 1791 kwa sababu Tamko la Haki za Binadamu na Raia lilikuwa limemsahau, aliuawa Novemba 1793. Safari hii waliozima maswali hawakuwa wafalme. Walikuwa serikali iliyosema inazungumza kwa niaba ya wananchi wote, na hivyo ikaona hakuna aliyebaki nje mwenye haki ya kuiuliza.

Sasa naweza kusema ninavyoona. Hoja ya Locke na wenzake ilikuwa sahihi katika mantiki yake, na thamani yake ilitegemea kila mara jambo ambalo mantiki haiwezi kulitoa: ni nani anayehesabiwa kuwa na haki ya kudai jibu. Locke mwenyewe alikuwa na hisa katika Royal African Company, iliyosafirisha watumwa. Mtihani wa jambo hili ulifika hadi pwani yetu. Septemba 1776, miezi miwili baada ya Wamarekani kutangaza kwamba watu wote wameumbwa sawa, mfanyabiashara Mfaransa Jean-Vincent Morice aliandikiana mkataba na Sultani wa Kilwa wa kupewa watumwa 1,000 kila mwaka, kila mmoja kwa piasta 20, kwa ajili ya mashamba ya Île de France, yaani Morisi ya leo, na visiwa jirani. Ni mkataba kamili: una pande mbili, una ridhaa, una masharti. Elfu moja wa kila mwaka hawamo katika upande wowote.

Tarehe 4 Februari 1794 Bunge la Ufaransa lilifuta utumwa katika makoloni yote. Halikufika hapo kwa kusoma vitabu tu; watumwa wa Saint-Domingue, Haiti ya leo, walikuwa wameasi tangu Agosti 1791, na wawakilishi wa Ufaransa kisiwani walikuwa wamewatangazia uhuru mwaka 1793 kwa kuwa hawakuwa na njia nyingine. Amri hiyo ililetwa Île de France mwaka 1796 na maofisa wawili, Baco na Burnel. Walowezi waliwapakia melini ndani ya siku chache na kuwafukuza. Walowezi hao walikuwa na baraza lao, lililoundwa tangu mwanzo wa Mapinduzi, lenye wajumbe waliopigiwa kura na mijadala juu ya haki za raia dhidi ya mamlaka ya mbali. Utumwa uliendelea kisiwani hapo mpaka 1835, chini ya Waingereza.